Mbegu Ipi? Uhakiki wa Istilahi za Ukuaji na Uzazi wa Mwani Mwekundu

1. Shabaha ya makala haya

Katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo mwani, yawe ni vijitabu vya wakulima, masomo ya biolojia au taarifa za ofisini, neno mbegu hutumiwa kwa vitu visivyopungua vinne. Hutumiwa kwa tawi la mwani linalofungwa kwenye kamba ili likue. Hutumiwa kwa spora, ambayo ni chembe moja isiyoonekana kwa macho. Hutumiwa kwa mwani mchanga ulioota kutokana na spora hiyo. Tena hutumiwa kwa ukoo mzima, kama mtu anaposema kwamba mbegu hii inavumilia joto kuliko mbegu ile.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mchanganyiko huo si jambo dogo la mtindo. Mfasiri anapoandika mbegu pasipo kubainisha ni mbegu ipi, msomaji hawezi kujua kama ameahidiwa kiumbe kipya au kipande cha kiumbe kilekile alichokuwa nacho jana. Kwa mkulima wa Paje au Jambiani, tofauti ya mambo hayo mawili ni tofauti ya kupona na kuendelea kupata hasara. Kwa hiyo tutaanza kwa kueleza namna mwani mwekundu unavyozaa, tutatazama mfano mmoja wa ng'ambo ambako majina yaliwapotosha hata wataalamu, kisha tutarudi pwani ya kwetu kuzipima istilahi zetu wenyewe.

Inafaa tutamke mapema kwamba lawama ya uhakiki huu haiwaangukii wakulima. Mkulima aliyeita tawi la mwani mbegu alifuata kanuni ya Kiswahili. Sisi sote husema mbegu ya muhogo, na tunachokusudia ni kipande cha shina. Husema mbegu ya viazi vitamu, na tunachokusudia ni kitawi cha mtambaa. Katika lugha ya kilimo, mbegu ni kile kipandwacho. Walioleta mashaka ni wasomi waliolichukua neno hilohilo, wakalipa maana finyu ya darasani, kisha wakaendelea kulitumia kwa maana zote mbili bila ya kumwambia msomaji.

2. Uzazi wa mwani mwekundu kwa muhtasari

Mwani mwekundu ni kundi kubwa lenye aina zaidi ya 7,000. Jina la kundi lisimdanganye msomaji: katika mashamba yetu kuna mwani wa rangi ya kijani na wa rangi ya kahawia ambao kitaalamu ni mwani mwekundu. Wengi wa kundi hili huishi katika ukanda wa pwani unaofunikwa na maji yanapojaa na kuachwa wazi yanapokupwa, au chini kidogo ya hapo.

Aina nyingi za kundi hili, pamoja na zile zinazolimwa Zanzibar, zina mzunguko wa vizazi vitatu. Kwanza kuna miili ya kike na miili ya kiume, nayo hutoa gameti. Gameti za kiume za mwani mwekundu hazina mkia wa kuogelea. Huchukuliwa na maji tu mpaka ziguse unywele mwembamba wa kiungo cha kike. Baada ya utungisho, zigoti haiondoki. Hubaki juu ya mwili wa mama, hulishwa naye, ikakua kuwa kinundu kidogo. Kinundu hicho kina kizazi cha pili, ambacho hakipati kujitegemea hata siku moja. Kazi yake ni kutoa spora nyingi kutokana na utungisho mmoja. Spora hizo huitwa karpospora.

Karpospora ikishika mwamba huota na kuwa kizazi cha tatu. Huu ni mwili unaojitegemea, nao si wa kike wala si wa kiume. Ukikomaa hutoa spora za namna nyingine, ambazo hutokea nne nne baada ya mgawanyiko unaopunguza idadi ya kromosomu kwa nusu. Hizo huitwa tetraspora. Zikiota, huleta tena miili ya kike na ya kiume, na mzunguko ukaanza upya.

Jambo la kuzingatiwa na mwalimu ni kwamba katika jenasi ya Eucheuma, kama katika jenasi ya Gracilaria, mwili wa kike, mwili wa kiume na mwili wa tetraspora hufanana sana kwa umbo. Mtu aweza kuchuma yote mitatu katika mwamba mmoja asijue kwamba ameshika vizazi mbalimbali. Hapo jicho halimsaidii. Kinachoweza kumsaidia ni istilahi iliyo wazi.

3. Kiumbe kimoja, majina mawili

Kama jicho laweza kudanganywa na viumbe vinavyofanana, vilevile laweza kudanganywa na viumbe visivyofanana. Mfano ulio bora ni ule wa Porphyra, mwani mwekundu wa pwani za baridi. Mwili wake ni bapa jembamba mithili ya karatasi, hushika mwamba, na maji yanapokupwa hukauka hata ukadhaniwa kuwa umekufa, kisha hufufuka maji yakirudi. Watu wa Wales huupika na kuula tangu zamani. Watu wa Japani hutumia ndugu zake wa karibu kutengenezea nori, yaani karatasi za mwani wanazofungia wali.

Mwaka 1892 mtaalamu Mwingereza Batters alieleza kiumbe kidogo cha nyuzinyuzi nyekundu kinachotoboa na kuishi ndani ya makombe ya baharini. Alikipa jina la Conchocelis rosea, akakihesabu kuwa jenasi mpya. Hapakuwa na kosa la uzembe katika kufanya hivyo. Bapa la mwambani na nyuzi za ndani ya kombe havifanani kwa umbo, wala kwa ukubwa, wala kwa mahali pa kuishi. Lakini jina lilipokwisha kutolewa, liligeuka ukuta. Waliochunguza Porphyra walikuwa upande mmoja, na Conchocelis ilikuwa upande wa pili, nayo ina ukurasa wake katika vitabu.

Wakati huohuo wakulima wa Japani walikuwa na swali lisilo na jibu. Bapa la nori huonekana majira ya baridi, na majira ya joto hutoweka. Hurudi tena maji yanapopoa. Je, katikati huwa wapi? Kwa karne kadhaa walichomeka matawi na mianzi katika matope ya pwani kila mwaka, wakangoja spora zije zenyewe kutoka mahali wasipopajua. Mwaka zikija, walivuna, zisipokuja, walikosa. Baada ya Vita Kuu ya Pili mavuno yalianguka vibaya, na hapakuwa na wa kuwaambia mbegu zimekwenda wapi.

Jibu lilitoka Uingereza. Mwaka 1949 Kathleen Drew, mtaalamu wa mwani wa Manchester, alitangaza katika jarida la Nature kwamba spora za Porphyra umbilicalis alizoziotesha katika makombe zilikua na kuwa zile nyuzi zilizoitwa Conchocelis. Vitu vilivyokuwa na majina mawili kwa miaka 57 vilikuwa kiumbe kimoja katika vizazi viwili. Wataalamu wa Japani, miongoni mwao Sokichi Segawa, walilichukua jambo hilo wakalitumia kwa aina zao. Ikadhihirika kwamba nori haipotei wakati wa joto, bali huishi ndani ya makombe kama nyuzi. Siku zinapofupika na maji kupoa, nyuzi hizo hutoa spora, na spora hizo huota mabapa. Tangu hapo mkulima aliweza kufuga nyuzi katika makombe ndani ya matangi, akapaka spora kwenye nyavu kwa wakati autakao. Drew alifariki mwaka 1957 bila ya kufika Japani. Mwaka 1963 alijengewa mnara wa kumbukumbu huko Uto, katika jimbo la Kumamoto, na huko huitwa Mama wa Bahari.

Kwa mtu wa istilahi, habari hii ina funzo lake mahsusi. Ujuzi wa kupanda nori ulicheleweshwa na upungufu wa vyombo na majaribio, lakini vilevile ulicheleweshwa na jina. Mahali palipohitajiwa istilahi mbili za vizazi vya kiumbe kimoja, palikuwa na majina mawili ya viumbe viwili. Kosa letu sisi ni la kinyume chake. Huko kitu kimoja kilikuwa na majina mawili. Kwetu jina moja linabeba vitu vinne. Makosa yote mawili humficha msomaji jambo lilelile, yaani uhusiano wa kizazi na kizazi.

4. Mbegu ya Zanzibar

Kabla ya kilimo kuanza, mwani wa mwitu ulikuwa ukikusanywa katika pwani ya Tanzania na kuuzwa nje kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1970 Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliufanyia utafiti mwani huo na kuhimiza ulimwe. Kilimo cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwa kutumia matawi yaliyoletwa kutoka Ufilipino. Aina zilizopandwa ni mbili, Eucheuma denticulatum na Kappaphycus alvarezii. Wakulima, ambao wengi wao ni wanawake, huziita kwa majina ya biashara, yaani spinosamu na kotonii.

Njia ya kulima inajulikana. Vigingi huchomekwa mchangani, kamba hutandazwa kati yake, na matawi hufungwa kwenye kamba kwa vijikamba vidogo. Kazi hufanywa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Baada ya majuma sita hivi mwani huvunwa, na sehemu yake hukatwakatwa ili ifungwe tena. Katika njia yote hiyo hakuna gameti, hakuna utungisho, wala hakuna spora. Tawi linalofungwa leo ni sehemu ya mwili uleule uliokatwa msimu uliopita, na ule nao ulikuwa sehemu ya mwili uliotangulia. Ukifuata mnyororo huo nyuma utafika kwenye mizigo ya matawi yaliyotoka Ufilipino. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba mwani unaolimwa Tanzania kwa sehemu kubwa ni wa koo hizo za Asia, ingawa pwani yetu ina koo zake za mwitu.

Sasa tuitazame sentensi ya namna hii, ambayo tumeitunga kwa ajili ya mfano lakini ambayo msomaji ataitambua: "Wakulima walioathirika watapatiwa mbegu mpya." Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima wa kotonii wamepata hasara kubwa. Maji yakipata joto kupita kiasi, au mvua kubwa ikipunguza chumvi, matawi hugeuka meupe, hulainika, hukatika na kuchukuliwa na maji. Mkulima aliyepatwa na hayo anaposoma kwamba ataletewa mbegu mpya, anaelewa kuwa kitakacholetwa ni kipya. Kumbe huenda kikawa matawi kutoka kijiji kingine, ya ukoo uleule, yenye udhaifu uleule. Upya wake ni wa mahali, si wa urithi.

Aliyeandika hakusema uongo. Tawi ni mbegu kwa lugha ya shamba, na limewasili leo. Lakini sentensi yake inaweza pia kumaanisha mwani mchanga ulioota kutokana na spora, ambao wazazi wake ni wawili na ambao kila mmoja ni tofauti na mwingine. Katika maana hiyo ya pili kuna matumaini ya kuchagua unaovumilia joto. Katika maana ya kwanza, matumaini hayo hayapo. Hati ya serikali au ya mradi isiyobainisha ni maana ipi haiwezi kumfunga aliyeahidi wala kumlinda aliyeahidiwa.

Jina kotonii nalo linastahili neno moja. Lilitokana na jina la kitaalamu la zamani, Eucheuma cottonii, ambalo wafanyabiashara walilitumia kwa mwani uliotoka Ufilipino. Baadaye Maxwell Doty aliutenga mwani huo na kuuweka katika jenasi ya Kappaphycus, na ule unaolimwa ukajulikana kuwa Kappaphycus alvarezii. Ipo pia Kappaphycus cottonii, nayo ni aina nyingine kabisa. Sokoni kotonii linafaa na hakuna wa kulizuia. Lakini katika kitabu cha shule au katika kanuni ya kuingiza mwani nchini, mfasiri hana budi kuandika jina la kitaalamu kando yake, maana vinginevyo ataruhusu aina moja kwa jina la nyingine.

5. Uzazi, uzalishaji na misimu

Kosa la pili limeenea hata zaidi, nalo ni kutumia uzalishaji mahali pa uzazi. Maneno haya ni ndugu wa shina moja, lakini kazi zake zimekwisha kugawanyika. Uzazi ni kiumbe kuleta kiumbe kingine. Uzalishaji ni mtu kufanya mali ipatikane: uzalishaji wa sukari, uzalishaji wa saruji, uzalishaji wa mwani uliokaushwa na kutiwa magunia. Mfasiri mwenye haraka huyaona maneno mawili ya Kiingereza yanayofanana kidogo, akayatafsiri yote kwa neno moja la Kiswahili.

Katika kilimo cha nchi kavu kosa hili halionekani sana, kwa sababu mahindi huvunwa mbegu zake zenyewe, na uzazi wa mmea ndio uzalishaji wa mkulima. Katika mwani mambo hayo yameachana. Mkulima wa Zanzibar huvuna mwili kabla haujazaa, na mavuno yake ni makubwa kadiri mwili unavyotumia nguvu zake kukua. Kwa hiyo sentensi isemayo kwamba msimu wa uzalishaji wa mwani ni kusi inaweza kuwa kweli kwa mtu wa takwimu na isiwe na maana yoyote kwa mtu wa biolojia.

Ndiyo maana tunashauri kalenda tatu zitenganishwe. Ya kwanza ni msimu wa ukuaji, yaani wakati ambapo uzito wa mwili huongezeka kwa kasi. Katika pwani yetu mwani unaolimwa aghalabu hustawi zaidi wakati wa kusi, maji yanapokuwa na ubaridi, na hupata taabu kaskazi inapoleta joto na masika inapoleta maji ya mvua. Ya pili ni msimu wa mavuno, ambao huamuliwa na mkulima pamoja na mwendo wa bamvua na maji mafu. Ya tatu ni msimu wa uzazi, yaani wakati ambapo vinundu au tetraspora huonekana katika mwani wa mwitu. Katika nori ya Japani kalenda hizi husomeka waziwazi: bapa hukua na kuvunwa majira ya baridi, na nyuzi hushika makombe majira ya joto. Asiyetenganisha misimu hawezi kulieleza jambo hilo darasani kwa Kiswahili.

Neno kukomaa nalo linataka hadhari. Mkulima husema mwani umekomaa akimaanisha kwamba umefikia kuvunwa. Mwanabiolojia husema umekomaa akimaanisha kwamba una viungo vya uzazi. Mwani wa majuma sita umekomaa kwa huyu na haujakomaa kwa yule. Mwandishi aseme mwani ulio tayari kuvunwa, au mwani wenye viungo vya uzazi, na shaka itakwisha.

6. Mizizi na maua yasiyokuwapo

Mwani hauna mizizi, hauna maua, hauna matunda, wala hauna mbegu kwa maana ya darasani. Sehemu inayoushikilia mwambani haifyonzi chakula. Chakula huingia mwilini mwote kutoka katika maji. Kuiita mizizi ni kumfundisha mwanafunzi kazi isiyofanywa. Tunapendekeza kishikizo, neno ambalo kila mtu analielewa na ambalo linataja kazi yenyewe.

Ubaya wa kuuvika mwani viungo vya mmea wa shambani huzidi kwa sababu baharini mna mimea iliyo na viungo hivyo kweli. Nyasi za bahari, ambazo katika baadhi ya maandishi huchanganywa na mwani, zina mizizi, zina maua, na huzaa mbegu. Mkulima wa mwani anapong'oa nyasi hizo ili kusafisha shamba lake, anaondoa mimea ambayo samaki wengi hujihifadhi ndani yake wakiwa wachanga. Kanuni ya hifadhi ikiandikwa kwa neno mwani kwa vyote viwili, itakuwa imemzuia mkulima kung'oa mazao yake mwenyewe, na imeacha wazi kile ilichokusudia kulinda.

7. Hoja inayoweza kutolewa kinyume

Msomaji mjuzi aweza kusema: hata hilo neno spora ni la Kiyunani, na maana yake ya asili ni kupanda au mbegu. Tena karpo katika karpospora ni tunda. Ikiwa Wazungu wenyewe waliazima kutoka shambani, kwa nini Mswahili akatazwe kusema mbegu ndogo?

Hoja hii ina uzito, na jibu lake si kwamba neno la kigeni ni bora kwa kuwa ni la kigeni. Jibu ni kwamba neno spora lilipofika katika lugha za Ulaya lilikwisha kukatika na shamba. Msomaji wa Kiingereza anapolisoma hafikirii ghala wala jembe. Mswahili akisoma mbegu ndogo atafikiria vyote viwili, maana neno mbegu liko hai kinywani mwake. Atadhani kwamba yaweza kukaushwa, kuwekwa katika kopo na kupandwa mwakani. Spora ya mwani mwekundu haiwi hivyo. Hutoka ikiwa chembe moja tupu isiyo na ganda, haina akiba kubwa ya chakula, haiwezi kuogelea, na isipopata mahali pa kushika mapema, hufa. Neno mbegu ndogo lingemdanganya katika yote hayo kwa wakati mmoja.

Kadhalika, neno spora si geni tena katika shule zetu. Mwanafunzi amekwisha kukutana nalo katika somo la kuvu na la madole. Kulikataa katika mwani tu ni kumnyima fursa ya kuona kwamba viumbe hivyo vinafanya jambo linalofanana.

8. Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo yaliyoelezwa, tunaweka mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali mapendekezo yafuatayo.

(a) Mbegu: liachwe kwa wakulima kwa maana yao ya kile kipandwacho. Katika hati rasmi liambatane na neno la kubainisha.

(b) Tawi la kupandia: kipande cha mwani kilichokatwa ili kifungwe kwenye kamba. Hiki ni mwili uleule, wala si kizazi kipya.

(c) Spora: chembe moja ya uzazi. Karpospora ni ile itokayo katika kinundu cha mwili wa kike. Tetraspora ni zile zitokazo nne nne. Spora ya kombe ni ile itolewayo na nyuzi zinazoishi ndani ya kombe.

(d) Mche wa spora: mwani mchanga ulioota kutokana na spora.

(e) Ukoo: mwani wote uliotokana na asili moja. Isemwe ukoo unaovumilia joto, wala isisemwe mbegu inayovumilia joto.

(f) Kizazi: mwili ulioanzia katika spora au katika zigoti. Mwalimu wa nori aweza kusema kwamba mtoto hafanani na mama, bali mjukuu ndiye anayefanana na bibi.

(g) Kishikizo badala ya mizizi. Kinundu badala ya tunda. Bapa kwa mwili ulio kama karatasi. Tawi kwa mwili wenye matawi.

(h) Uzazi kwa kazi ya kiumbe. Uzalishaji kwa kazi ya mtu.

Istilahi hizi karibu zote ni maneno ambayo Mswahili anayo tayari. Hatukuhitaji kubuni mengi. Tulichohitaji ni kuyagawia kazi. Kabla mfasiri hajaidhinisha ukurasa wenye neno mbegu ndani yake, na ajiulize maswali mawili: Je, kitu hiki kimekatwa au kimezaliwa? Je, kina mzazi mmoja, wawili, au hakina mzazi kwa kuwa ni yuleyule? Akishindwa kujibu kwa kusoma sentensi yake mwenyewe, basi na mkulima naye atashindwa, ilhali mkulima ndiye atakayeingia majini bamvua lijalo na kamba mkononi.